Nimekuja Marekani kwa Kazi ya Likizo, na Saa Nilizoahidiwa Hazipo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa masomo ya utalii katika chuo kikuu kimoja magharibi mwa Kenya. Barua hii ninaiandika nikiwa Ocean City, mji wa ufukweni katika jimbo la Maryland nchini Marekani, ambako nimekuja kwa viza ya J-1 chini ya mpango unaowawezesha wanafunzi wa vyuo vikuu kufanya kazi na kusafiri wakati wa likizo ndefu. Mkataba wangu ulianza Juni 1 na utakwisha Septemba 5, na sasa tumefika katikati ya Julai.

Safari hii iligharimu takribani shilingi 380,000, ukijumlisha ada za wakala wa Nairobi, viza, bima na tiketi ya ndege. Mama yangu, ambaye anauza mitumba sokoni, alikopa shilingi 200,000 katika chama chake na anatakiwa kuzirejesha kabla ya Desemba. Sehemu iliyobaki ilitoka kwa mjomba aliyeuza fahali, na kwa akiba yangu ndogo. Wakala alituonyesha hesabu iliyopendeza macho: dola 15 kwa saa, saa 36 hadi 40 kwa wiki, na mwisho wa likizo deni limelipwa na karo ya mwaka wa nne imebaki.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vyema. Ninafanya kazi katika duka la vyakula kando ya njia ya mbao inayopita ufukweni, nikikaanga vibanzi na kusafisha meza. Kisha wakaja wanafunzi wengine kutoka Romania, Uturuki, Jamaika na Kazakhstan, tukawa wengi kuliko kazi iliyopo. Ratiba hubandikwa kila Jumapili jioni, na kwa mwezi mzima sasa sijapata zaidi ya saa 24 kwa wiki, na mvua ikinyesha tunarudishwa nyumbani. Saa 24 ni dola 360. Humo hukatwa dola 165 za kodi ya nyumba, kisha ushuru wa serikali kuu na wa jimbo, kisha kitu kiitwacho Social Security na kingine kiitwacho Medicare, na ninabaki na takribani dola 112 za chakula na kila kitu kingine. Mwezi wa Juni walinikata pia dola 40 za fulana na kofia za kazi, ilhali sikumbuki kutia saini popote kwa ajili ya hilo. Nyumba yenyewe ni ya mwajiri. Tumo wasichana 7 katika vyumba viwili na bafu moja, na kila mmoja wetu aliweka amana ya dola 300.

Nilipomuuliza msimamizi kuhusu saa zangu, aliniambia mbele ya wenzangu kwamba wanaolalamika hupigiwa simu moja tu, viza zao zikafutwa na wakarudishwa kwao. Tangu siku hiyo sijafungua mdomo.

Shangazi, nimeletewa njia mbili za kutokea. Binamu yangu aliye Dallas ananiambia nipande basi niende kwake, kwamba atanipatia kazi ya kuwatunza wazee majumbani na hakuna atakayeniuliza karatasi, na kwamba chuo kinaweza kungoja. Tena hapa mjini kuna mkahawa unaotaka mtu wa kusafisha jikoni kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, kwa fedha taslimu, bila maandishi. Barabarani unapotoka mjini kuelekea bara kuna kibao kisemacho kwamba Sacramento, California, iko maili 3,073 kutoka hapa. Kila nikikiona huwaza kwamba nchi hii ni kubwa mno kiasi kwamba mtu akitaka kupotea ndani yake atapotea.

Mama hajui lolote. Kila Jumapili ananiomba picha za Marekani niliyoiona, nami sijaona chochote zaidi ya kikaango na kitanda changu cha ghorofa. Nifanye nini?

Mwenye Deni, Ocean City

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye maneno ya msimamizi wako kuhusu simu moja ya kufuta viza. Saa pungufu zimekuumiza, lakini kilichokufunga mdomo ni maneno hayo, na mtu aliyefungwa mdomo hawezi kuzidai saa zake wala fedha zake. Kwa hiyo nitaanza hapo, na Dallas nitaifikia baadaye.

Chukua ile hati yako ya DS-2019 uisome tena kwa utulivu. Utaona juu yake jina la shirika linaloitwa mdhamini, ambalo limeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuendesha mpango huu. Viza yako ilitolewa na ubalozi wa Marekani kule Gigiri, na kumbukumbu zako katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS zinashikwa na mdhamini. Mwajiri hana mkono katika mfumo huo. Anaweza kukuachisha kazi, na akifanya hivyo anawajibika kumjulisha mdhamini, lakini hawezi kuifuta viza wala kukuondoa nchini. Mdhamini ndiye mwenye uwezo wa kuusimamisha ushiriki wako, naye hufanya hivyo unapovunja masharti ya mpango, kwa mfano kwa kufanya kazi asiyoijua au kuhama bila kumwambia. Kuuliza kwa adabu kuhusu saa ulizoahidiwa si kuvunja sharti lolote. Ulipokwenda kwa mahojiano ya viza ulipaswa kupewa kijitabu cha haki za wafanyakazi wa muda, kinachotolewa kutokana na sheria ya mwaka 2008 ya kuwalinda watu dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Humo imeandikwa kwamba una haki ya kulipwa ipasavyo, ya kukaa na pasipoti yako mwenyewe, na ya kudai haki zako bila kulipiziwa kisasi. Ikiwa kijitabu kimebaki Kenya, kinapatikana kwenye tovuti ya ubalozi.

Nataka ujue pia kwamba kanuni zinazokulinda zilipatikana kwa sababu wanafunzi kama wewe walisema. Mnamo Agosti 2011 mamia ya wanafunzi wa mpango huu huu waliokuwa wakifungasha chokoleti za Hershey katika ghala moja mjini Palmyra, Pennsylvania, waligoma na kutoka nje, wakilalamikia kazi nzito, zamu za usiku, na makato ya nyumba yaliyowaacha na fedha kidogo mno. Mwaka uliofuata wizara ilimwondoa mdhamini wao katika mpango, na mnamo Mei 2012 ikatoa kanuni mpya zilizopiga marufuku kazi za viwandani na maghala ya aina hiyo na kuwabana wadhamini zaidi. Kanuni hizo ndizo zinazotumika kwako leo.

Zinasema nini? Zinasema kwamba mwajiri lazima ajitahidi kwa nia njema kukupa idadi ya saa zilizoandikwa katika barua ya kazi ambayo mdhamini aliikagua kabla hujasafiri. Sitaki kukudanganya: maneno hayo hayamlazimishi akulipe saa 40 hata siku ambayo ufuko ni mtupu kwa sababu ya mvua. Lakini mwajiri anayeajiri wanafunzi wengi kuliko kazi aliyo nayo, kisha akawagawia njaa kwa usawa, ni vigumu kusema kwamba ana nia njema, na mdhamini ana wajibu wa kumuuliza. Kanuni zinasema pia kwamba mwajiri anayetoa nyumba atoe nyumba inayofaa, na kwamba mdhamini awasiliane nawe angalau mara moja kila mwezi kuhakikisha afya, usalama na ustawi wako. Ikiwa ujumbe wa mwezi wa Juni ulikuja nawe ukajibu kwamba kila kitu ni sawa, kama wengi wanavyofanya kwa haraka wakiwa wamechoka, usione haya kuandika sasa kwamba mambo yamebadilika.

Andika leo, kwa barua pepe, ili kila neno lako liwe na tarehe. Eleza kwa ufupi: barua ya kazi ilisema saa ngapi, umepata saa ngapi kila wiki tangu Juni, nyumba ina watu wangapi na vyumba vingapi, na umekatwa nini. Ambatisha picha za ratiba zinazobandikwa kila Jumapili na picha za hati zako zote za malipo. Maneno ya msimamizi yanukuu kama alivyoyasema, pamoja na siku aliyoyasema, bila kuongeza chumvi. Mwishoni omba mambo mawili yaliyo wazi: mdhamini azungumze na mwajiri kuhusu saa, na ikishindikana akuruhusu kupata kazi ya pili au kuhamia kwa mwajiri mwingine. Wenzako wa nyumba moja wakiandika nao, kila mtu barua yake, itakuwa vyema zaidi, kwa maana msichana mmoja anaweza kuitwa mlalamishi lakini ni vigumu kuwaita hivyo saba wenye ratiba zinazofanana. Zikipita siku tatu bila jibu, pigia namba ya dharura ya mdhamini iliyo kwenye karatasi zako za maelekezo, na akikaa kimya bado, Wizara ya Mambo ya Nje ina simu ya msaada kwa watu wenye viza za J-1, ambayo ni 1-866-283-9090.

Sasa tuzungumze kuhusu hati yako ya malipo, maana humo kuna fedha zako ambazo hukujua kwamba ni zako. Mwanafunzi mgeni aliyeko Marekani kwa muda mfupi kwa viza ya J-1, kama ulivyo wewe, hatozwi michango ya Social Security, ambayo ni ya pensheni, wala ya Medicare, ambayo ni ya matibabu ya uzeeni. Michango hiyo ni asilimia 6.2 na asilimia 1.45 ya mshahara, jumla asilimia 7.65. Kwa wiki ya dola 360 hiyo ni dola 27.54. Hata kama kila wiki ungekuwa na saa 24 tu, katika wiki 6 wamekukata takribani dola 165, ambazo ni kodi yako ya nyumba ya wiki nzima. Sidhani kwamba ni wizi. Mara nyingi mtu wa mishahara humwingiza mwanafunzi kwenye kompyuta kama Mmarekani wa kawaida na hakuna anayerudi kuangalia. Mwandikie mtu huyo, umpelekee nakala ya viza na ya DS-2019, umwombe aache kukata na akurejeshee kilichokatwa. Mwajiri ndiye anayetakiwa kurejesha kwanza. Akikataa, kuna fomu namba 843 na namba 8316 za mamlaka ya ushuru ya Marekani, ambazo unaweza kuzituma hata ukiwa nyumbani Kenya, mradi utunze hati zote za malipo. Usizitupe hata moja.

Ushuru wa mapato wa serikali kuu na wa jimbo ni jambo tofauti, nao unatakiwa kuulipa, kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa ushuru wa kukupa nafuu. Mwezi wa Januari mwajiri atatoa fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara na makato yako ya mwaka, na kabla ya Aprili 15 utajaza fomu ya 1040-NR, ambayo ni ya ushuru wa mtu asiye mkazi. Hakikisha umemwachia anwani ya Kenya inayofika barua. Wapo mawakala wanaowaambia wanafunzi kwamba ushuru wote hurudishwa. Hilo si kweli kwa mtu asiye mkazi, na usiliweke katika hesabu ya deni la mama.

Kuhusu dola 40 za fulana na kofia, sheria ya Maryland hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa jambo kama hilo bila idhini yako ya maandishi. Pitia karatasi ulizotia saini siku ya kwanza, maana siku hiyo watu hutia saini mengi huku wakiwa na usingizi wa safari. Usipoona idhini hiyo, zidai, na Wizara ya Kazi ya Maryland hupokea malalamiko ya aina hiyo bila kukuuliza umetoka wapi. Ile amana ya dola 300 piga picha za chumba leo na siku ya kuondoka, na uombe kwa maandishi utaratibu wa kuirejeshewa kabla hujafika uwanja wa ndege.

Sasa hiyo kazi ya usiku. Ninaelewa kwa nini inakuvuta, maana inatoa fedha taslimu na hakuna wa kukukata. Lakini mpango wenu umekataza kazi ambazo saa zake nyingi ziko kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, na kazi yoyote ya pili ambayo mdhamini hajaikagua huhesabiwa kuwa imefanywa bila ruhusa. Hapo ndipo kitisho cha msimamizi wako kingepata meno, kwa sababu ungekuwa umempa mdhamini sababu halali ya kukuondoa. Tena mkahawa usioandika jina lako usipokulipa utakwenda kumshtaki kwa karatasi gani? Kazi ya pili yenyewe inaruhusiwa. Ocean City mwezi wa Julai na Agosti ina hoteli, maduka ya aiskrimu na mabwawa ya kuogelea yanayolilia watu wa mchana. Tafuta mwajiri aliye tayari kujaza fomu za mdhamini, zitume, na mdhamini anatakiwa kuikagua kazi hiyo ndani ya saa 72. Usianze hata siku moja kabla ya jibu lake.

Dallas, mwanangu, ni jambo ambalo nitakusemesha kama mzazi. Binamu yako hakukutakia mabaya. Amekuona unahangaika akakufungulia mlango alioujua. Lakini kazi ya kuwatunza watu majumbani ni miongoni mwa kazi zilizokatazwa waziwazi kwa viza yako, na siku utakayopanda basi bila kumwambia mdhamini, ushiriki wako utafungwa katika ule mfumo niliokutajia. Utabaki na binamu yako huko Dallas, na hofu ya kila gari la polisi, na shahada uliyobakiza mwaka mmoja kuimaliza. Wapo watakaokuhadithia jirani aliyefanya hivyo akajenga nyumba ya mawe kijijini. Waulize pia kuhusu wale walioshindwa kurudi kuzika wazazi wao. Ukirudi Kenya kwa wakati, mpango huu unaweza kuuomba tena likizo ijayo ukiwa bado mwanafunzi, safari hiyo ukiwa unajua kuisoma barua ya kazi kabla ya kumlipa wakala.

Umesema hujaiona Marekani, na hilo nalo limenigusa kwa sababu kusafiri kumo katika jina la mpango wenyewe. Msingi wa viza yako ni sheria ya mwaka 1961 ya mabadilishano ya elimu na utamaduni, na kanuni zinamtaka mdhamini aandae shughuli za kuwakutanisha wanafunzi na maisha ya Wamarekani nje ya saa za kazi. Kwa hiyo katika barua yako muulize pia kuhusu safari. Mpendekezee moja: pwani hiyo hiyo ya mashariki ya Maryland unakokaanga vibanzi ndiko alikozaliwa Harriet Tubman, mtumwa aliyetoroka mwaka 1849 kisha akarudi tena na tena kuwatorosha wenzake kwa miguu usiku. Makumbusho yake yako wilaya ya Dorchester, chini ya saa mbili kwa gari kutoka hapo ulipo, na hakuna kiingilio. Frederick Douglass, mtumwa mwingine aliyetoroka akawa msemaji mashuhuri dhidi ya utumwa, naye alizaliwa wilaya jirani ya Talbot. Msichana wa Kiafrika aliyefika Maryland akaondoka bila kukanyaga udongo huo amenyimwa kitu, na sitaki unyimwe kwa sababu ya ratiba ya vibanzi.

Kuna pia siku za mwisho. Kipindi cha mpango kilichoandikwa kwenye DS-2019 kikiisha unapewa siku 30 za kusafiri ndani ya Marekani, ingawa huruhusiwi kufanya kazi hata saa moja katika siku hizo, na ukitoka nje ya nchi hurudi. Ikiwa chuo chako kinafungua katikati ya Septemba, tenga siku mbili za Washington, ambako makumbusho ya Smithsonian ni bure, likiwemo lile la historia na utamaduni wa Wamarekani weusi lililofunguliwa mwaka 2016. Kwa hilo utahitaji kuchukua tiketi ya bure mapema kupitia intaneti. Picha utakazompelekea mama zitatoka huko, na kabla ya hapo mpelekee picha ya bahari wakati wa asubuhi, maana hiyo haina gharama, nawe unaamka kando yake kila siku.

Limebaki la mama, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulifikiria. Usimfiche. Mwaka 1959, ndege ya kwanza iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya ilipowachukua vijana 81 wa Kenya kwenda kusoma Marekani, jamaa na majirani walichanga fedha za mahitaji yao, kama chama kilivyomkopesha mama yako. Waliochanga walistahili kujua hali ya waliosafiri, na mama yako anastahili vivyo hivyo. Anachoweza kukibeba mwanamke aliyesimama sokoni miaka yote hiyo ni kikubwa kuliko unavyodhani. Kitakachomvunja ni kusikia Desemba kile ulichokijua Julai.

Mpelekee hesabu mbili. Umebakiza wiki 7. Saa zikibaki 24, na makato yale yasiyo halali yakikoma, utabaki na takribani dola 140 kwa wiki baada ya nyumba na ushuru. Ukila kwa dola 60, unaweka akiba dola 80, ambazo kwa wiki 7 ni dola 560, yaani kama shilingi 72,000 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola. Saa zikipanda hadi 36, ama kwa mwajiri huyu au kwa kuongeza kazi ya pili iliyoidhinishwa, utaweka kama dola 230 kwa wiki, na wiki 7 zitakupa takribani dola 1,610, ambazo ni shilingi 207,000 na ushei, kwa hiyo deni la chama linatoshelezwa. Hesabu ya kwanza inaacha pengo la shilingi 128,000, lakini pengo hilo litapunguzwa na amana ya dola 300 na zile dola 165 zikirudi, jumla yake kama shilingi 60,000. Kitakachobaki, vyama vingi hukubali kukiongezea muda mwanachama anapokuja mapema na kusema ukweli, na huwa vikali kwa anayekuja siku ya malipo akiwa mikono mitupu.

Kwa hiyo tuma barua ya mdhamini usiku huu, kisha mpigie mama kabla ya kikao cha chama cha mwezi huu, ili aingie mle ndani akiwa na namba zote mbili mkononi.

Shangazi